Nenda Alhamisi, Usisubiri Jumamosi

Kabla mikwiro haijagusa ngoma, wapigaji hutoa sauti kwa midomo: dat, dat, dat, dat. Sauti fupi, kavu, ya pamoja, ili wote waingie kwenye mpigo mmoja. Nilikuwa nimesimama hatua nne tu kutoka kwa mpwa wangu, kwenye maegesho ya magari jirani na Lucas Oil Stadium, mjini Indianapolis, Marekani, siku ya mchujo wa mashindano ya vikosi vya ngoma na tarumbeta, Alhamisi ya tarehe 7 Agosti 2025. Jua limesimama kichwani, lami inarudisha joto miguuni, na ile "dat" ya vijana watano ikanisisimua mwili kabla ngoma zenyewe hazijalia.

Aliniona. Najua aliniona, kwa sababu jicho lilicheza mara moja likarudi mahali pake. Hakunisalimia. Kwetu kijana akikuona mjomba wake akanyamaza, siku hiyo hiyo mama yake atapata habari. Lakini pale nilimwelewa. Alikuwa ameshavaa dramu, kubwa kuliko zote tano, imekaa kifuani kwa mabega ya chuma, yaani fremu inayovaliwa begani, na kazi yake wakati ule ilikuwa kuwasikiliza wenzake wanne.

Nieleze hizo dramu tano, maana ndizo zilizonifungua masikio. Ni besi, lakini hazilingani. Ndogo kabisa ina upana wa kama inchi 18. Ya mpwa wangu ilikuwa inchi 30. Kila kijana ana moja tu, na kila dramu ina sauti yake. Mwalimu anatunga kipande kimoja, tuseme noti kumi na sita za haraka, kisha anakigawa: wewe noti ya kwanza na ya sita, wewe ya pili, wewe ya tatu na ya nane. Hakuna hata mmoja mwenye wimbo. Kila mmoja ana vipande, na akipiga peke yake utadhani mtoto anachezea ndoo. Wakipiga pamoja, kinachotoka ni mstari mmoja unaoteremka kama jiwe linaloviringika ngazini, kutoka sauti nyembamba ya kushoto hadi kishindo cha mpwa wangu kulia. Watu watano, mkono mmoja.

Aliyekulia pwani hahitaji kufundishwa jambo hilo. Msondo una lake, vumi ina lake, chapuo ina lake, na ngoma yenyewe imo katikati yao. Lakini sikuwa nimewahi kuiona kanuni hiyo imepasuliwa vipande vidogo namna ile, na kwa kasi ile.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu: Marekani kuna vikosi vya vijana vya tarumbeta, ngoma na bendera, ambavyo kila kiangazi hushindana uwanjani huku vikitembea. Hakuna klarineti wala saksofoni. Ni vya shaba tupu, ngoma, na wale wanaocheza kwa bendera, bunduki za mbao na panga. Onyesho moja huchukua dakika kumi na kitu. Chombo kinachoendesha mashindano makubwa kinaitwa Drum Corps International, na wenyewe wanakiita DCI. Kilianzishwa mwaka 1971, na ubingwa wake wa kwanza ulifanyika mwaka uliofuata, Whitewater, Wisconsin, ukachukuliwa na Anaheim Kingsmen kutoka California. Kikosi kikubwa kinaweza kuwa na watu 165. Umri una kikomo: ukishamaliza kiangazi chako cha miaka 22, basi, huwezi kurudi tena.

Mpwa wangu alikuwa na miaka 22.

Mimi ni mtu wa Unguja, na niliposikia mara ya kwanza kwamba kijana wetu amejiunga na "bendi inayotembea", nilifikiri beni. Beni ya harusi, tarumbeta zinatoka kwenye kichochoro, dramu inapigwa na mzee mwenye kofia, kina mama wamefunga kanga wanafuata nyuma, watoto wanakimbia mbele. Na kwa kweli sikuwa mbali. Vikosi hivi vya Marekani vilitokana na wanajeshi: baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, matawi ya askari wastaafu yaliunda bendi za vijana kwa mabaragumu na ngoma za jeshi. Beni yetu nayo ilitazama jeshini. Ilianza pwani ya Kenya kabla ya mwaka 1900, ikaiga bendi na gwaride za wakoloni, ikavipa vyama vyake vyeo vya kifalme na kijeshi, na vyama hivyo vikashindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa karamu. Marini na Arinoti walikuwa mahasimu kutoka pwani hadi miji ya bara ya Tanganyika, kila upande ukitaka kuonekana zaidi kuliko mwenzake. Bahari mbili, watu wasiojuana, na kila mmoja amechukua tarumbeta ya mwanajeshi akaifanya ya kushindania heshima mtaani. Nikilifikiria hilo huwa nashindwa kukaa kimya.

Ila kuna tofauti moja iliyowatesa ndugu zangu kwa miezi. Kwetu mpiga beni hulipwa. Huku kijana ndiye anayelipa ili apige. Ada ya msimu, viatu, safari za kwenda kambini wakati wa baridi: kwa kikosi cha mpwa wangu, ambacho ni kidogo, hesabu ilipita dola elfu nne. Dada yangu anatunza wazee kwa zamu za usiku, Columbus, Ohio. Alipoleta habari kwenye kundi letu la WhatsApp, shangazi mmoja kutoka Dar es Salaam aliandika: "Yaani alipe ili akapige ngoma? Si angekuja huku tumpe bure?" Baadaye huyo huyo ndiye aliyeanzisha orodha ya mchango, jina moja moja, kama tunavyofanya kwa harusi. Mwaka mmoja wa nyuma zilipungua dola mia tatu zikiwa zimebaki siku mbili, na kikosi alichokuwa nacho wakati huo kilimwambia asipande basi mpaka zilipwe. Alilia usiku kucha. Nazisema hizi kwa sababu nikiwa pale maegeshoni niliwatazama wale vijana nikajiuliza ni wangapi waliobaki nyumbani kwa ajili ya dola mia tatu. Mchezo huu naupenda, na bado naona mlango wake ni mwembamba mno.

Na wakishalipa, hawalali hotelini. Wanalala kwenye magodoro ya kujaza upepo, chini, kwenye kumbi za michezo za skuli. Wanasafiri usiku kwa basi, wanafika alfajiri, wanafanya mazoezi juani hadi jioni, wanaonyesha, wanapakia, wanaondoka. Chakula kinapikwa kwenye lori, na wapishi wengi ni wazazi waliojitolea. Dada yangu alikwenda wiki moja akapika. Alinisimulia jinsi watoto themanini na ushee walivyopanga foleni kimya, kila mmoja na bakuli lake, na jinsi wali wake wa nazi ulivyokwisha kabla foleni haijafika nusu.

Basi mimi na dada yangu tukaingia ndani.

Lucas Oil Stadium ni jengo la kutisha kwa ukubwa, nyumbani kwa Colts, timu ya futiboli ya Kimarekani, paa lake hufunguka na kufungwa. Fainali za DCI zimekuwa zikifanyika humo tangu 2009. Watu hukaa upande mmoja tu, kwa sababu kikosi huelekeza onyesho lake upande huo. Mchana ule wa Alhamisi hata huo upande mmoja ulikuwa na mapengo. Alhamisi ni mchujo: vikosi vyote hupita, vidogo kwanza, na 25 bora ndivyo huendelea Ijumaa. Ijumaa huchujwa tena, na Jumamosi usiku hubaki 12. Wenye tiketi za Jumamosi wengi bado walikuwa njiani, au wanakula mahali. Nilikaa safu ya juu, kama nilivyoshauriwa, kwa sababu chini unaona watu na juu unaona umbo.

Nilipokuwa mdogo nilicheza halaiki, Uwanja wa Amaan, sherehe za Mapinduzi. Miezi ya mazoezi, tumepangwa kwa alama za chokaa, jua la Disemba na Januari, mwalimu na filimbi yake. Nilijua maana ya kuwa nukta moja ndani ya picha usiyoiona wewe mwenyewe. Kwa hiyo kikosi cha kwanza kilipoanza kutembea, nilitafuta alama za chokaa. Hakuna. Kuna mistari ya uwanja kila yadi tano, basi. Hatua yao ya kawaida ni nane kwa yadi tano, yaani kila hatua kama sentimita 57, na kila kijana ana kijitabu kidogo alichoandika mahali pake kwa kila umbo: hatua mbili nje ya mstari wa yadi 35, hatua nne mbele ya alama ya nyuma. Cha mpwa wangu alikuwa amekifunga kwa kamba na kukitundika shingoni kiangazi chote, kurasa zimevimba kwa jasho, wino umeenea. Kuna ukurasa ameandika kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili: USIKIMBILIE.

Lakini mahali pake mtu anapafikiaje bila kutazama chini, akiwa anarudi nyuma, dramu ya inchi 30 imemziba mbele? Anapajua kwa urefu wa hatua yake. Mwili umepima mara elfu, miguu imekwishajua.

Sasa sikiliza jambo ambalo lilinichukua mchana mzima kulielewa. Uwanja wa futiboli ya Kimarekani una upana wa mita 49 hivi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo mpigo wa aliye nyuma kabisa hufika mbele umechelewa kwa kama sehemu moja ya saba ya sekunde. Ni kidogo mno kwa mazungumzo, lakini kwa muziki ni msiba. Aliye nyuma akipiga kwa kufuata anachokisikia kutoka mbele, amekwishachelewa, na sauti yake ikirudi kwetu kuchelewa kumekuwa mara mbili. Ongeza ukuta na paa la jengo lile, mwangwi unaporudi unakuta noti nyingine inaondoka. Dawa yake ni kwamba walio nyuma wasiyaamini masikio yao, wafuate mikono ya kiongozi aliyesimama juu ya jukwaa. Nao wale wa mbele kabisa, wapiga marimba na vibrafoni (marimba ya metali) ambao hawatembei, wasimfuate yeye, wasikilize ngoma zilizo nyuma ya migongo yao. Nusu ya kikosi inatumia macho, nusu masikio, na sisi kwenye viti tunapokea mpigo mmoja. Tangu nilipolijua hilo siwezi tena kusikia bendi ikitembea bila kuwaza ni nani anamwamini nani.

Na hizo marimba! Zimepangwa mbele ya uwanja, ndefu kama vitanda, vijana wanazipiga kwa mikwiro minne, miwili kila mkono. Mama mmoja wa Kimarekani aliyekaa jirani yangu, mwenye kijana katika kikosi kingine, aliniuliza kama nimewahi kuviona vyombo hivi. Nikamwambia marimba ni neno la kwetu, la lugha za Kibantu, na kwamba Wagogo wa Dodoma wana ilimba yao ya vijiti vya chuma, ndugu yake kwa jina. Akaandika kwenye simu yake. Nilijisikia nimemlipa mtu deni.

Saa nane kasoro, kikosi cha mpwa wangu kikaitwa.

Sitaelezea onyesho lote. Nitaelezea mambo mawili. La kwanza ni msichana mmoja wa wabeba bendera. Alirusha bunduki yake ya mbao juu, ikazunguka, ikazunguka, akainua mkono kuidaka, ikampita. Sauti ya mti ukigonga chini ilifika hadi safu yetu. Katika uwanja ule wenye mapengo, kila mtu aliisikia. Alipiga goti, akaiokota, akainuka ndani ya mpigo uleule, na uso wake haukubadilika. Hesabu nane baadaye ilibidi airushe tena. Watu waliokaa karibu nami, ambao hawamjui, hawana mtoto katika kikosi kile, na pengine wamevaa fulana za wapinzani, wakasogea mbele ya viti vyao wote kwa pamoja. Akarusha. Akadaka. Kelele iliyotoka hapo sijaisikia tena wikiendi ile, hata Jumamosi.

La pili ni ukimya. Kuna mahali tarumbeta zote zilinyamaza na kikosi kikaendelea kutembea, viatu themanini na kitu jozi, kisigino kwanza kisha vidole, taratibu, na ndani ya ukimya ule ukatoka ule mstari wa dramu tano. Nikaufuata kutoka kushoto. Moja, mbili, tatu, nne. Kishindo cha mwisho kilikuwa cha mwanetu. Dada yangu alinishika mkono kwa kucha.

Hawakuingia 25 bora.

Tulimkuta nje, nyuma ya lori la vyombo. Safari hii alisema "Shikamoo, mjomba," nikamwitikia marahaba, kisha akaninamia begani na uzito wake wote. Vidole vyake viwili vilikuwa vimefungwa plasta nyeupe iliyogeuka kahawia. Wale wanne wenzake walikuwa bado wamevaa mabega ya chuma, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuvua. Mdogo wao alikuwa na miaka 17. Alikuwa akilia waziwazi, na mpwa wangu alimwachia kisigino cha mkono kichwani muda mrefu bila kusema kitu, hadi mwalimu alipoita kupakia.

Jumamosi alikaa nami. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwa miaka minne kuwa mtazamaji, na alinifundisha kutazama. Nilikuwa natazama tarumbeta zikiinuliwa. Akaniambia nitazame miguu ya walio pembeni, kwa sababu umbo likigeuka wao ndio wenye safari ndefu. Nilikuwa nasubiri kelele; akaniambia nisikilize mwisho wa noti, wanavyoiacha, maana kuanza pamoja wengi wanaweza. Aliniambia majaji huzungumza kwenye vinasa sauti wakati onyesho likiendelea, na walimu hukaa usiku kuwasikiliza, sentensi kwa sentensi. Alama jumla ni 100: 40 za mvuto wa onyesho kwa jumla, 30 za macho, 30 za muziki. Na zinagawanywa hadi mwisho wa wembe. Mwaka 2008, Bloomington, hapohapo Indiana, Phantom Regiment waliwashinda Blue Devils kwa 98.125 dhidi ya 98.100. Watu wazima bado wanazungumzia ile 0.025 kama wengine wanavyozungumzia penalti.

Vikosi vile 12 ni vya ajabu, sisemi vinginevyo. Tarumbeta zikifunguliwa zote kuelekea kwako unazipokea kifuani kabla ya masikioni. Blue Devils wa Concord, California, ambao wametwaa ubingwa huu zaidi ya kikosi chochote, wanatembea kana kwamba ardhi ndiyo inayowasogeza. Lakini mimi nilikuwa naisikia Alhamisi chini yake. Kila bunduki iliyodakwa ilinikumbusha ile iliyoanguka. Nisingekuja Alhamisi, ningeona wepesi tu, nisijue wepesi ule ulichimbwa wapi. Ndiyo maana kila anayeniuliza namwambia anunue tiketi ya siku ya mchujo, akae juu, na kabla ya hapo apite maegeshoni ambako vijana wanapasha moto na hakuna anayekuzuia kusimama hatua nne kutoka kwenye ngoma.

Matokeo husomwa kutoka nafasi ya 12 kupanda. Majina yalipobaki mawili uwanja mzima ulikuwa umesimama. Ubingwa ukaenda kwa Boston Crusaders, kikosi kilichoanzishwa mwaka 1940, ambacho katika miaka yote ya DCI hakikuwahi kushika nafasi ya kwanza. Mzee mmoja safu ya mbele yetu, amevaa koti jekundu katikati ya Agosti, alikaa chini wakati wenzake wanaruka, akafunika uso kwa mikono yote miwili. Mpwa wangu alishuka ngazi mbili akampa mkono. Hawajuani.

Jumapili tulirudi Columbus kwa barabara kuu ya 70. Dada yangu alilala kiti cha nyuma. Tulisimama kituo cha mafuta Richmond, karibu na mpaka wa Ohio, nikawa najaza tangi, mpwa wangu akaenda kununua maji. Nilimtazama akivuka maegesho. Mgongo umenyooka, kichwa hakitikisiki, kisigino kwanza kisha vidole, hatazami chini. Aliporudi akanipa chupa.

"Mjomba," akasema, "kutoka kwenye gari hadi mlangoni ni hatua thelathini na mbili. Yadi ishirini kamili."